Kazi Yangu ya Rusayl

Zuwena mwanangu,

Salamu hizi zinatoka chumba cha chini kwenda chumba cha juu, na katika zote nitakazokutumia kuanzia sasa hakuna zitakazokuwa na safari fupi kama hizi. Wewe umetoka kuagana na rafiki zako. Kaka yako Yahya na mkewe wako huko juu wanagombana na mizani kwa ajili ya sanduku lako, na nasikia Ruqaya anashinda. Mambo ya pasipoti, koti la baridi ya Uingereza na bizari za pilau ameshakwambia yeye, tena mara nyingi kuliko inavyohitajika. Mimi sina la kuongeza huko.

Nataka kuandika juu ya kazi yangu ya Rusayl. Najua hapo umesimama kusoma kidogo. Mengi ya haya unayajua kuliko mimi, maana wewe ndiye uliyeyabeba, lakini hujawahi kuyasikia yakitoka kwangu. Kila ulipotaka kuyagusa nilijitia usingizi, au nikaomba kahawa. Nimekuwa mtumishi wa serikali maisha yangu yote, na ninajua vizuri namna taarifa inavyoandikwa ili mwandishi asionekane na kosa. Hii nataka kuiandika kinyume chake, tangu mwanzo, nisiruke kitu.

Kiharusi kilinipata nilipokuwa nimeanza tu kuzoea kustaafu. Kilinichukua mkono wa kushoto na nusu ya mguu, kikaniachia ulimi, jambo ambalo shangazi yako Moza alisema ni hasara. Kikanivuruga na kumbukumbu. Unaikumbuka siku niliyoweka dele la kahawa motoni nikaenda kusali, nikasahau kama kuna moto duniani, mpaka pazia la jikoni likashika na jirani akaingia kwa kupiga teke mlango. Nilimkuta jikoni anamwaga maji, nikamuuliza amekuja kwa heri.

Jioni ile wewe na Yahya mlinikalisha sebuleni. Nyote mnakwenda kazini, mama yenu hayupo tangu wewe mdogo, na msichana wa kazi hawezi kuninyanyua nikianguka msalani, wala mimi nisingekubali aninyanyue. Mkaniambia mmeona kituo kimoja hapa hapa Bawshar kinachotunza watu wazima mchana. Unapelekwa asubuhi, unafanyishwa mazoezi, unapimwa presha, unakula, unapumzika, na alasiri unarudi kwako. Nikawaambia mnataka kunipeleka chekechea. Nyinyi mkacheka, mkadhani natania.

Nilikubali kwa masharti, na masharti yote yalikuwa juu yako, kwa kuwa ofisi yako ndiyo iko njia ile. Mtu yeyote wa ukoo asijue. Usiniteremshe mlangoni, uniache kwenye duka la dawa pale kona, nitembee mwenyewe. Nilikuwa nikitembea kwa bakora, taratibu, na wewe ukinitazama garini mpaka niingie, kazini unachelewa. Kanzu yangu ilikuwa imepigwa pasi, kilemba kimefungwa, manukato mpaka masikioni. Nilikwenda kurushiana mpira wa plastiki na wazee wenzangu nimevaa kama mtu aliyeitwa na waziri.

Jambo ambalo sikukwambia ni kwamba nilipapenda. Daktari wa mazoezi, yule Mmisri, ananigombeza kama mtoto wa shule, nami namjibu, tunacheka. Wapo wanaocheza dhumna kwa wizi mtupu. Yupo Mzee Hamdan, ambaye akili zake zimechoka, na tangu siku ya kwanza ameshika kwamba mimi ndiye mkurugenzi wa pale. Kila asubuhi ananiletea mashtaka: chai haina sukari, kiyoyozi kinampiga mgongoni, kuna mtu kakaa kiti chake. Namsikiliza, namwambia tutalitazama. Wallahi Zuwena, nilikuwa nikitoka pale nimechangamka. Ukiniuliza garini siku ilikwendaje, nakwambia, kama kawaida, nikitazama dirishani.

Nimejiuliza aibu ile niliitoa wapi, maana pale ndani hapakuwa na la kuonea haya. Nikamkumbuka babu yako. Mwisho wa umri wake alikuwa akitoka nyumbani kwetu Matrah kutafuta nyumba yake ya Malindi, ya Unguja, na akiwauliza wapita njia kwa Kiswahili. Sisi tulikuwa bado wageni hapa, tumetoka Unguja, Kiarabu chetu kinachekwa, mimi nimeanza kazi juzi na nataka kuonekana mtu. Ijumaa wakija wageni tulimfungia chumba cha nyuma tukasema amelala. Ufunguo nilikuwa nao mimi. Akigonga mlango, mimi ndiye niliyeongeza sauti ya televisheni.

Sikuwahi kukusimulia hilo. Nafikiri nilipoona mnanitafutia kituo, kitu ndani yangu kilisikia ufunguo ukizungushwa, ingawa nyinyi mlikuwa mnafanya kinyume kabisa cha nilichofanya mimi. Mlinitoa nje. Mimi ndiye niliyetafuta chumba cha nyuma cha kujifichia, na nikakuingiza na wewe humo.

Sasa nafika kwenye Ijumaa ile ya Rusayl. Tulikuwa nyumbani kwa shangazi yako, Mabela, sinia zimeshaondolewa, wewe unazungusha kahawa. Mume wa jirani yake akasema siku hizi akipita kwetu asubuhi hanikuti, je nimeoa? Watu wakacheka. Ningeweza kucheka nao. Ningeweza kusema nakwenda mazoezi, na ingekuwa kweli. Lakini nilitazama wale vijana wote waliokaa pale, ambao nusu yao niliwahi kuwaombea kazi au nafasi ya shule, nikaona wananitazama mkono uliolala mapajani. Nikasema kiwanda kimoja cha mabomba kule Rusayl wameniomba niwashauri mambo ya vibali, asubuhi asubuhi, kwa kuwa wananijua tangu serikalini. Kisha, kwa kuwa uongo ukiwa peke yake hausimami vizuri, nikakugeukia wewe.

"Si ndiyo, mwanangu?"

Ulikuwa umeshika dele mkono mmoja na vikombe mkono mwingine. Ukanitazama. Ukasema, "Ndiyo, Baba."

Niliona fahari wakati ule, na hilo ndilo linalonichoma kuliko yote. Niliona nimelea vizuri.

Hapo hapo shangazi yako akasema basi Mungu kafungua mlango, na Nassor je? Mpwa wangu Nassor, mwanawe, alikuwa amemaliza uhandisi, yuko nyumbani, anapeleka maombi na majibu hayaji. Mama yake hakuniomba kwa unyonge. Aliniomba kama mtu anayeomba chake, kwa sababu katika ukoo wetu mimi ndiye niliyekuwa mlango wa wasta, wa kuwasemea watu kwa wakubwa, na miaka yote hiyo nilipenda kugongwa. Nikamwambia alete vyeti. Nikavipokea. Viko kwenye droo yangu ya soksi mpaka leo.

Kutoka hapo mimi sikufanya kitu ila kusema Inshallah. Kila Ijumaa Inshallah. Nilikuwa nikisema meneja yuko safari, nikisema wanasubiri bajeti. Nassor alikuwa akinibusu mkono na kunishukuru. Kisha akapata nafasi ya mafunzo kule Suhar, si kazi kubwa lakini ni mlango, na wakampa siku chache tu za kujibu. Shangazi yako akapiga simu kwetu kuuliza: aende, au la Rusayl limekaribia? Wewe ndiye uliyepokea. Ukaziba simu kwa kiganja, ukanigeukia, na macho yako yalikuwa yanasema, Baba, sema basi. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti hiki ninachokalia sasa. Nikakuashiria kwa mkono mzima: wangoje. Ukamwambia shangazi yako, "Baba anasema msubiri."

Nassor akaikataa Suhar.

Ulinikalia kimya siku nyingi baada ya hapo, na mimi nikajitia hamnazo. Nilikuwa nikikutania garini ukinijibu kwa adabu tu. Adabu yako ile ilinifaa sana, nakiri. Mtoto mwingine angenipigia kelele na pengine ningesema kweli mapema.

Baadaye Nassor akachoka kungoja akaenda mwenyewe Rusayl. Alizunguka viwanda vya mabomba, amevaa kanzu ya Idi, anamuulizia mjomba wake mlangoni kwa walinzi. Hakuna aliyenijua. Alirudi akamwambia mama yake, na jioni ile ile shangazi yako alikuwa sebuleni kwetu, amesimama, hataki kukaa.

Nilichofanya hapo sijamwambia mtu. Nilikuwa na nafasi nzuri kuliko zote. Dada yangu, nyumbani kwangu, hapana mgeni. Nikamwambia kazi ile niliiacha zamani, wakati ule ule wa Suhar, na nilimtuma Zuwena awaambie wasingoje. Nikasema labda mtoto alisahau, au hakusikia vizuri. Niliyasema hayo kwa upole, kama mtu anayemtetea mtu. Na wewe ukaingia na sinia.

Nilikutazama, Zuwena. Sikutikisa kichwa wala sikukonyeza, nilikutazama tu, na ukaelewa. Shangazi yako, aliyekusuka nywele tangu mama yako alipofariki, akakuita mwongo. Akasema umemwonea Nassor kijicho, kwamba wewe una kazi na hutaki yeye apate. Ukaweka sinia chini, ukaenda ukambusu kichwa, ukamwomba radhi. Akaondoka bila kunywa kitu. Mimi nikasema kahawa isipoe.

Hayo ndiyo niliyotaka yawe yameandikwa kwa mkono wangu, ukipenda uyahifadhi, ukipenda uyachane.

Wiki hii yote watu wamekuja kukuaga. Wamekuja na halua, na dua, na wamekuchekesha. Na kila kengele ya mlango ilipolia nilikuona unavyogeuka. Shangazi yako hakuja. Jana ulipokuwa unakunja nguo zako ukaniambia, taratibu, kama mtu anayeniondolea wasiwasi, "Nitamwandikia nikifika, Baba." Hukusema utamwandikia nini. Nikajua utamwomba radhi tena, kwa barua, kutoka Uingereza, kwa jambo lile lile. Usiku wa jana sikulala vizuri.

Leo uliponishusha kituoni nilimwomba bibi wa mapokezi anipigie simu kwa dada yangu. Nikamwambia, da Moza, njoo kazini kwangu, nakutumia ramani ya mahali. Akaniuliza ni mchezo gani tena huu. Lakini alikuja, na nadhani alikuja kunifumania.

Alinikuta mazoezini. Tulikuwa tumekaa duara, mpira uko mapajani mwangu, na Mmisri ananihimiza niurushe kwa mkono mbovu. Nilivua kilemba asubuhi, kichwa kikiwa wazi na upara wangu wote. Akasimama mlangoni anatazama wale wazee, ananitazama mimi, anatazama mpira.

"Hapa ndo Rusayl yako, Saidi?"

"Hapa ndo pahala pangu, da Moza. Nnakuja hapa kila siku tangu mwaka jana. Kiwanda hakijawahi kuwapo. Zuwena ndo anayenleta, na alikuwa anajua, na nlimkataza asiseme."

Akavuta kiti akakaa karibu nami. Nikaendelea, kwa sababu nilijua nikinyamaza sitaanza tena. Nikamwambia siku ya simu ya Suhar, mtoto alimfikishia maneno yangu kama nilivyomtuma. Siku ile sebuleni nilimsingizia. Hakusahau kitu, hakukosa kitu.

Wakati huo huo Mzee Hamdan akaja, akanisimamia mbele, akaniambia kama mkurugenzi nafanya kazi gani ikiwa chakula mpaka saa hizi hakijaletwa. Shangazi yako ndiye aliyemwambia, "Kinakuja, baba, kaa kidogo," na akamshika mkono akamkalisha. Kisha akanigeukia.

"Kucheza mpira na wazee wenzio umeona aibu. Mtoto kunibusu kichwa na kunomba radhi kwa kosa lako, hiyo hukuiona."

Niliuweka mpira chini.

"Kwa nini alinomba radhi? Kwa nini hakusema?"

"Kwa sababu nlimtazama."

Akafunika uso kwa mtandio. Shangazi yako unamjua, hatokwi na machozi ovyo, hata mazikoni ni mtu wa kupanga viatu vya watu. Alilia pale mbele ya wote na mimi nikashindwa hata kumshika bega, kwa kuwa alikuwa amekaa upande wa mkono usiofanya kazi.

Nilimpigia Nassor kutoka pale pale, mama yake akisikiliza. Nilimwambia yote. Akasema, "Sawa, mjomba," akakata. Sitakudanganya kwamba amenisamehe. Nafasi ya Suhar imekwenda, na wale niliokuwa nikiwapigia simu zamani wamestaafu kama mimi, au wamekufa. Sina cha kumrudishia. Vyeti vyake Yahya atampelekea kesho.

Ningependa kukuachia neno moja la kwenda nalo, lakini kila ninaloliandika naona linanirudi mwenyewe. Nitasema hili tu. Nilikulea uwe mtu wa kusema ndiyo kwa wakubwa, na watu walinisifu kwa hilo, na mimi nikalitumia. Huko uendako watakuwapo watu utakaowapenda na kuwaheshimu, walimu, pengine mume siku moja, na mmoja wao atakugeukia mbele za watu akuulize, si ndiyo? Ikiwa siyo, sema siyo. Atakasirika. Mimi ningekasirika. Lakini ungesema siyo ile Ijumaa, ukiwa na dele mkononi, ningeona haya jioni moja tu na mambo yangekwisha.

Na ukiugua, au ukishindwa na masomo, au pesa zikikuishia, usiseme kama kawaida. Umesikia neno hilo kwangu kila alasiri na unajua lilikuwa na nini ndani yake.

Mzazi humpa mtoto radhi anaposafiri. Zangu unazo, ulikuwa nazo kabla hujajua kuziomba. Zako mimi siziombi leo. Nikiziomba utanipa papo hapo, ndivyo nilivyokulea, na nitazipokea kama nilivyopokea yale mengine yote. Kaa kwanza. Fika, uzoee mji, upate usingizi wako, ukasirike ukitaka. Ukiwa nazo za kunipa, nitakuwapo, na zisipokuja nitaelewa.

Limebaki moja tu, nalo ndilo lililonifanya niandike badala ya kungoja kukwambia garini. Shangazi yako atakuja asubuhi. Yeye ndiye atakayekupeleka uwanja wa ndege, na amenikataza nisipande gari hilo. Nilimwambia ni binti yangu, nina haki ya kumsindikiza. Akanijibu kwamba nilikuwa na wewe garini kila asubuhi ya Mungu na sikukwambia neno, basi njia ya kesho ni yake. Nimekubali. Tutaagana hapa nyumbani, na sitaki uchelewe kwa ajili yangu.

Atakuuliza mambo. Mjibu yote yalivyokuwa, Zuwena. Usinitetee.

Baba yako,
Said